Sinema ya Mama na Mwana Wasioonana

Kikosi chetu kilikuwa watu watatu. Nilihesabu Kitale kabla hatujaondoka, nikahesabu tena Bungoma tuliposhuka, na mara zote mbili tukawa watatu, ingawa kwenye karatasi yangu nilikuwa nimeandika nafasi kumi na moja. Mimi nilikuwa mwandishi, mwongozaji, mpishi, na mtu wa kuwaomba radhi majirani. Wa pili alikuwa mpiga picha wa harusi wa Kitale, mwenye kamera, ambaye hakuwa akiikodisha bila yeye mwenyewe, kama vile trekta haikodishwi bila dereva. Wa tatu alikuwa dada mmoja wa kibanda cha simu karibu na stendi. Nilimchukua ashike maikrofoni kwa sababu alikuwa amekaa miaka minne akisikiliza watu wakidanganya jamaa zao wa mbali, na uso wake haukuwa ukibadilika hata kidogo.

Maikrofoni tuliifunga kwenye mpini wa fagio, tukaivalisha soksi ili upepo usiingie. Soksi mpya. Nasema mpya kwa sababu watu huuliza.

Tulikuwa na kanda tatu na betri mbili, moja ya kweli na nyingine ya maneno tu. Tulikuwa na siku tatu, Jumatano hadi Ijumaa, maana Jumamosi asubuhi kamera ilikuwa na harusi yake Kitale, na bibi harusi hangojei sanaa ya mtu. Mahali palikuwa nyumba ya mjomba wangu karibu na Mabanga, ambayo yeye mwenyewe huiona Krismasi tu. Nilimwomba siku nne, akanipa mbili, tukaelewana tatu.

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Kijana anauza ng'ombe wa mama yake bila ruhusa, anapotelea mjini, anarudi amekonda, mama anamsamehe, watu wanalia. Nilikuwa nimepanga walie dakika ya kumi na moja.

Waigizaji walikuwa wawili. Wa kuwa mwana nilimtoa Kitale, kwenye duka la kukodisha kanda za video alikokuwa akifanya kazi. Alikuwa ametazama sinema nyingi mpaka akajua kulia kwa jicho moja. Wa kuwa mama nilimtoa Misikhu. Alikuwa mjane muuza vitunguu, na mwigizaji wa kikundi cha akina mama wa kanisa. Nilikuwa nimemwona akiigiza mlevi, na baada ya ibada mchungaji alimwita kando kumuuliza kama kuna jambo angependa kuungama.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa sababu ya ubahili wa wakati. Salamu za kwetu hazikuachi mpaka zijue babu yako alizikwa wapi. Ukikutanisha watu wawili wasiojuana, watauliza nyumbani ni wapi, ukoo gani, mama ametoka kwa nani, bibi umeoa wapi, na nusu saa imekwenda. Mimi nilikuwa na mwanga wa kuhesabu. Kwa hiyo Jumatano asubuhi niliwasimamisha wote uani nikawaambia, "Hapa hakuna mambo mengi. Huyu ni Mama, huyu ni Mwana. Mtasalimiana Ijumaa tukimaliza."

Mama aliniangalia kama mtu aliyeambiwa aingie kanisani bila kuvua kofia, lakini akanyamaza. Nikafurahi. Nilikuwa nimeokoa dakika thelathini, na nikajipongeza mara mbili.

Siku hiyo tulipiga shoti za mmoja mmoja. Kijana akitembea, mama akikoka moto. Shida ilikuwa mpiga picha. Mazoea ya harusi yalikuwa yamemwingia damuni: kila mtu aliyesimama karibu lazima aonekane. Mama analia juu ya ng'ombe wake aliyepotea, halafu kamera inamwacha polepole na kwenda kuwatembelea majirani kwenye ua, mmoja baada ya mwingine, mpaka mbwa.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Boss, mtu akikosa kujiona kwa kanda analeta maneno."

"Hawa hawajalipa."

"Ndio maana nimewapitisha haraka."

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kuwaweka mama na mwana pamoja. Tulianza na shoti ya chakula. Mwana amerudi, mama anamega ugali, anauchovya kwenye mchuzi, anamtia mdomoni kwa mkono wake kama mtoto. Tulirudia mara tano. Mara ya kwanza jogoo alituharibia, ya pili kijana alicheka, ya tatu na ya nne kamera ilikwenda kuwasalimia majirani, ya tano ikawa nzuri. Matonge matano, basi. Baadaye nilipotazama kanda niliyahesabu tena nikapata sita, maana moja halikuwa la filamu. Jamaa alikuwa na njaa tu.

Nikasema tupumzike. Mpiga picha hakuzima. Alinieleza siku nyingine kwamba wakati wa kula hazimi kamwe, kwa sababu ndipo ukoo hugombana.

Mama alikuwa amekunja miguu kwenye mkeka, anamtazama kijana akimaliza sahani.

"Wewe unakula kama mtu ametoka jela," akamwambia. "Kwani bibi yako hapiki?"

"Anapika sana, mama. Si ni wa huku kwenu tu. Misikhu."

"Misikhu ni kubwa. Misikhu gani?"

"Ukipita posho mill, hapo pa kusaga mahindi, unashuka kwa mto kidogo."

Mama akaacha kutabasamu, lakini sauti ikabaki palepale. "Na baba yake ni nani huko?"

"Alikufa. Mimi sikumpata. Anasema alikuwa mwalimu wa hesabu."

"Huyo msichana ako na kovu hapa?" Akagusa kidevu chake mwenyewe.

"Ehe. Alianguka na baiskeli."

"Alikuwa amekatazwa hiyo baiskeli," mama akasema. "Nilimkataza mimi."

 Dada wa maikrofoni, ambaye alikuwa bado ameshika fagio lake juu, alilishusha taratibu mpaka soksi ikagusa ugali.

Kwa wasiojua mambo ya kwetu: mtu na mama mkwe wake hawashikani mkono. Hawakai nyumba moja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani na kuona majani ya huko ni ya maana sana. Kula mbele yake ni kama kuvua suruali madhabahuni. Na huyu hakuwa amekula mbele yake tu, alikuwa amelishwa. Tena mkwe mwenyewe si mkwe wa kujulikana. Alikuwa amemtorosha msichana tangu Januari, hajatuma mtu, hajatuma barua, na sasa tulikuwa Septemba. Mama alijua tu kwamba binti yake yuko Kitale na mtu fulani. Mtu fulani ndiye huyo, ana mchuzi kidevuni.

Mama alivuta leso akajifunika kichwa na uso, akageukia ukuta, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kugeuka. Kijana alitoka kwa mlango wa mbele kinyumenyume, akamkanyaga mpiga picha, akaingia kwenye shamba la mahindi la mjomba na kupotea.

Tukabaki watu watatu. Nilihesabu.

Nikaanza na mama. Alikuwa nyuma ya jiko, amekaa juu ya jiwe, bado kajifunika.

"Huyo mtu ameenda?"

"Yuko kwa mahindi, mama."

"Mwambie asiangalie huku."

"Haangalii."

"Anaangalia. Nasikia mahindi."

Mimi nimekua sokoni Kitale, na hakuna kitu nilichowahi kukiona ambacho hakikuwa na bei ya pili. Nikachuchumaa mbali kidogo, nikapoza sauti. "Mama, si wewe umeokoka?"

"Nimeokoka. Sijapoteza akili."

"Kuna shoti moja tu imebaki ya nyinyi wawili. Ile ya msamaha. Saa mbili tu. Tukimaliza mnaendelea kuheshimiana kama kawaida."

"Saa mbili."

"Hata moja na nusu."

"Na kama nikikataa utasema nusu saa."

"Nusu saa pia tunaweza kujaribu."

Akafunua jicho moja. "Wewe dairekta, unaongea kama mtu wa mitumba. Sikiza. Kama ingekuwa heshima yangu, ningekupunguzia. Lakini si yangu peke yangu. Ni ya watu wengi, na wengine wao wamekufa. Utaenda kuwaambia wao nusu saa?"

 Nikamuuliza kama basi anaondoka.

"Niondoke niende wapi? Nimeambia kanisa yote nitaonekana kwa sinema. Halafu nikiondoka, yeye atasema nilimkimbia. Wacha yeye ndio akimbie. Akikimbia nitajua ni mtu wa aina gani."

Nikaingia kwenye mahindi. Kijana alikuwa amekaa chini kati ya mistari miwili, amejishika magoti.

"Amesema nini?"

"Amesema usimwangalie."

"Nimekwisha," akasema. "Ako na vijana watatu, wote ni wa kubeba magunia. Atawatuma Kitale wamchukue bibi yangu kama vile watu huchukua kitanda. Sitampata tena, bana."

"Kwani kwa nini hukwenda kwao mapema, kama watu?"

"Nilikuwa nangoja nipate kitu mkononi. Mtu haendi kwa wakwe mikono mitupu."

"Sasa umeenda mdomo mtupu, wakakujaza."

Hakucheka. Kusema kweli mimi pia nilikuwa na wasiwasi, lakini wangu ulikuwa wa dakika ya kumi na moja, na wake ulikuwa wa mke. Nilijua hivyo hata wakati ule. Sikuacha kumbembeleza abaki, na sitajifanya kwamba nilikuwa nafikiria ndoa yake. Nilimwambia, "Ukipanda gari leo, kesho yule mama anaondoka hapa moja kwa moja mpaka Kitale, na amekasirika mara mbili. Ukibaki, angalau atasema ulibaki."

Alibaki. Jioni mama alirudi kwao Misikhu, na mimi sikuwa na hakika kama nitamwona tena. Lakini Ijumaa saa moja asubuhi alikuwa uani, leso usoni, akapita moja kwa moja jikoni na kufunga mlango. Halafu akaniita kupitia dirisha.

"Mwambie huyo mtu akae upande ule wa nyumba. Mimi nitakaa upande huu. Wewe na kamera yenu mtajua mnafanya nini."

Tulifanya hivi. Shoti ya msamaha tuliikata katikati. Kwanza tungempiga mama akimtazama mwana, na mwana angekuwa mimi, nimevaa koti la kijana, nimeipa kamera mgongo. Kisha mama angetoka, kijana angeingia, na mama angekuwa dada wa maikrofoni ndani ya leso, naye mgongo kwa kamera. Mpiga picha alinizunguka mara mbili.

"Boss, yeye ako na nywele."

"Nitavaa kofia."

"Na mabega."

Tukaingiza mto wa mjomba ndani ya koti.

Kijana, akiwa nje nyuma ya ukuta, aliomba kitu kimoja. Alitaka hedifoni, asikie mama anavyosema maneno yake, ili yeye akijibu sauti zilingane. Lilikuwa ombi la kazi, na la maana. Dada wa maikrofoni alikuwa na waya mrefu wa kutoka kibandani kwake. Akaunga, akaupitisha chini ya mlango mpaka nje. Mama aliutazama ule waya ukipita karibu na miguu yake, akaufuata kwa macho mpaka ulipotokea. Hakuuliza unaenda wapi.

Maneno niliyomwandikia yalikuwa haya: "Mwanangu, nimekusamehe. Ingia ndani, ule." Tangu jana hata mimi nilikuwa nimeanza kuona kwamba "ule" halikuwa neno la kutumia hapo.

Nikasema twende. Mama akanitazama usoni chini ya kofia. Halafu macho yake yakashuka kwenye ule waya.

"Ng'ombe wacha," akasema. "Ng'ombe ni hadithi ya huyu mtu wa kofia. Mimi nataka kukuuliza, hukuona mlango? Nyumba yangu ina mlango. Kwa nini ulitoa mtoto wangu kama kitu ya kuiba? Ungekuja, ningekukataza nini? Ningekuuliza tu mnalala wapi, na kama mvua inaingia. Watu wa kanisa wakiniuliza msichana ako wapi nasema ameenda kujifunza ushonaji. Mimi mtu mzima, miezi minane, nadanganya kanisa juu ya mtu simjui uso."

Nilikuwa nimepiga magoti na mto mgongoni. Sikuwa na maneno kwenye shoti ile, na namshukuru Mungu kwa hilo.

"Na ati wanataka niseme nimekusamehe. Sijakusamehe. Kusamehe ni ya mtu amekuja. Wewe hujakuja. Kuja na watu wako, mchana, mpite kwa mlango. Umlete nimwone kama anakula. Wanaume wataongea, mimi nitakuwa jikoni. Hapo ndio nitajua kama nimekusamehe."

Akavuta leso usoni, akasimama, akatoka. Mimi ndiye niliyepaswa kusema kata. Sikusema. Mpiga picha naye alikuwa hazimi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano kamera yake haikwenda kumtembelea mtu yeyote.

Ikawa zamu ya kijana. Betri ya kweli ilisema imebakiza dakika kumi na nne, na mimi niliiamini ile betri nusu, kwa hiyo saba. Mama alikuwa amesimama nje nyuma ya ukuta, palepale alipokuwa kijana mwanzoni. Walikuwa wamebadilishana pande bila kuonana, mmoja akipitia mbele na mwingine nyuma, nami katikati nikiwaelekeza kama askari wa barabarani. Kijana akaingia, macho mekundu yote mawili. Akakaa mbele ya dada wa maikrofoni, ambaye alikuwa amejifunika leso na fagio ameliegemeza magotini.

"Mama, nisamehe," kijana akasema, kama ilivyoandikwa.

Dada hakugeuka. "Hivyo ndivyo watu husema kwa simu wakitaka ikatike," akasema.

Nikasema turudie. Kijana akajipangusa. Halafu hakumtazama dada tena. Aligeuka akatazama ukuta, na akaanza kuongea na mimi.

"Mwambie nitakuja. Mwambie nimesikia. Nitakuja na mjomba wangu na wazee wawili, mwezi wa kumi na mbili. Na umwambie mtoto wake anakula." Akausogelea ukuta. "Mwambie siku hizi anakula ya watu wawili."

Nilifungua kinywa nipeleke ujumbe, kama mjinga, ukuta wenyewe ukiwa wa udongo na dirisha wazi. Sauti ya mama ikaingia kabla yangu.

"Mwambie Desemba ni mbali. Tumbo haingojei Krismasi. Mwezi wa kumi."

"Mwambie wa kumi hatutakuwa tumevuna," kijana akauambia ukuta.

"Wa kumi na moja, basi. Jumamosi ya kwanza."

"Mwambie sawa. Jumamosi ya kwanza."

"Hapana, ngoja. Ya kwanza tuko na mkutano wa akina mama. Ya pili."

"Mwambie hata ya pili ni sawa."

"Mwambie ya pili nimeandika."

Mimi nimeshuhudia biashara nyingi zikifungwa, na nyingi nimezifunga mwenyewe. Ile ilifungwa kwa muda mfupi kuliko kununua sukumawiki, mimi nikiwa katikati, nimetajwa kila sentensi, sijasema hata neno moja. Betri ikazimika muda mfupi baada ya hapo. Kijana akakaa palepale kwenye mkeka akihesabu majuma kwa vidole, akakosea, akaanza tena.

Filamu ilitoka na dakika tisa. Kuhusu ng'ombe nilikata karibu kila kitu, maana mama mwenyewe alikuwa ameshamkana. Tulipoionyesha Kitale kwenye ukumbi wa video, hakuna aliyelia. Dakika ya nane watu walianza kubishana kama Jumamosi ya pili si mapema mno kwa mtu asiye na kitu, na nilipowasha taa mama mmoja mzee wa mstari wa mbele alikataa kuinuka kabla hajajua kama walikwenda.

Nikamwambia walikwenda. Tulikuwa wanane pamoja na msichana, na tulipita kwa mlango. Wanaume waliongea kuanzia asubuhi mpaka alasiri, na kwa upande wetu mimi ndiye niliyewekwa kuwa msemaji. Nilinyolewa bila maji. Chakula kilipokuja, mlango wa jikoni ulifunguka kidogo na mkono ukatoka na sahani ya kwanza. Shemeji mtu, mmoja wa wale vijana watatu wa mama, akaipokea, akavuka nayo sebuleni mpaka alipokuwa amekaa yule kijana, akaiweka mbele yake. Mkono ukangoja palepale mlangoni, wazi, mpaka shemeji aliporudi kuuambia kwamba ameanza kula.